Mateke ya Saa Nne

Tarehe 4 Machi

Mama mdogo,

Shikamoo nyingi, uzigawe kwa siku zote ambazo sijaandika. Mimi mzima, tena nimenenepa kidogo shingoni, watu wananiamkia kwa heshima. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu ya dada ilianguka kwenye ndoo ya kufulia ikafa papo hapo, na yangu ilitangulia zamani. Barua itapita kwa Mzee Breki, dereva wa lori letu la soda anayeshusha mzigo huko kwenu. Tunamwita hivyo kwa sababu akiona mkahawa tu mguu unakanyaga wenyewe. Barua ikichelewa, ujue na yenyewe ilikuwa inakunywa chai.

Kazini wameniweka karani wa kreti. Niliacha shule kidato cha pili, na sasa wenye vyeti wananisubiri mimi nihesabu ndipo lori litoke. Nachora vijiti vinne kwa chaki, cha tano nakilaza juu yao, na sijawahi kukosea kreti moja. Uliza bohari nzima.

Chumba ni kile kile, nyuma ya ukuta wa bohari. Nikikohoa kazini dada anasikia. Cherehani ipo dirishani, ndoo mlangoni, kitanda cha dada upande wa pazia, godoro langu upande wa wanaume, yaani mimi peke yangu.

Sasa habari yenyewe. Dada ni mjamzito. Miezi mitano na kidogo, anavyohesabu yeye. Usiulize habari za baba. Alikuwa fundi wa milango, akapata mlango akatoka. Mtoto nimempa jina la Abiria, kwa sababu amepanda bila kuuliza gari linakwenda wapi. Dada hakucheka. Siku hizi hacheki wala halii, anashona tu, akishona.

Hakunituma nikuambie. Hata hajui kama naandika. Nyinyi wawili mlinuniana kwa nini miaka mitatu yote hii? Nikimwuliza anavuta uzi. Wewe ni mkunga na mtoto ni wa kwenu, njoo umwone.

Ni mimi, Karani Mkuu wa Kreti na Mjomba Mtarajiwa.

Tarehe 19 Machi

Mwanangu Mdomo,

Marahaba. Barua ilifika na duara la kikombe juu yake. Hapa tu wazima. Paa la wodi ya wazazi limebadilishwa, halivuji tena. Wiki hii nimezalisha saba, wawili wao mapacha. Mgongo unaniambia umri wangu, na mimi sijauliza.

Nimefurahi kwa hizo kreti. Kwa shule sijafurahi, lakini hilo tulishalimaliza.

Kuhusu dada yako. Amekwenda kliniki? Kama hajaenda, mpeleke. Kama hataki, mpeleke vilevile. Anakula? Anaamka saa ngapi? Mkono wake ulioungua kwa pasi bado unamwuma?

Na kwa kuwa unajua kuhesabu, nakupa kazi. Kuanzia katikati ya mwezi wa nne mtoto atakuwa na nguvu za kuhesabika. Dada yako alale ubavu wa kushoto, wewe weka kiganja juu ya shuka, nusu saa. Kila teke, kila kujigeuza, kijiti kimoja. Mara tatu kwa siku: kabla hujaenda kazini, saa nne mkipumzika kwa chai, na saa nane mchana. Usipambe. Nataka namba, sitaki hadithi.

Mengine uliyouliza niachie mimi.

Ni mimi mama yako mdogo.

Tarehe 20 Aprili

Mama mdogo,

Shikamoo. Paa halijambo? Huku meneja wa bohari amenunua kofia mpya, nyekundu, imemkaa kama kizibo. Nikamwambia. Akacheka, kisha akanipa siku mbili za kuosha chupa.

Kliniki dada alikwenda mara moja. Foleni ilikuwa ndefu, akarudi. Ndivyo alivyosema.

Sasa kazi yako. Ukuta wa nyuma ya mlango umejaa chaki, ukiuona utadhani soda tunauzia humu ndani. Dada alikubali kwa sharti moja, nisiongee. Unajua kwangu hiyo ni adhabu. Naweka kiganja, nafunga mdomo, nahesabu. Namba za wiki nzima hizi hapa.

Jumatatu mpaka Jumamosi hazipishani. Saa moja asubuhi kumi na nane, ishirini, kumi na tisa. Saa nne, mbili. Siku nyingine moja. Alhamisi hakuna. Saa nane, tatu au nne.

Jumapili, saa moja ishirini na sita. Saa nne thelathini na tisa. Saa nane nilifika hamsini na mbili, chaki ikakatika.

Kwa hiyo pokea ripoti ya mtaalamu. Abiria ni mtoto mpole. Anafanya mazoezi asubuhi, halafu analala kama meneja. Jumapili ana mechi. Saa nne nikiweka mkono, ni kama nimeuweka juu ya mto wa kulalia. Nampigia mluzi, kimya. Juzi geti la bohari liligongwa na lori, mimi nikaruka, yeye wala. Na dada naye anatulia hivyo hivyo, macho nusu, sindano mkononi, uzi haujapita tundu. Wamefanana kabla hawajaonana. Nikamwambia huyu hatatusumbua, tutamsahau kitandani twende zetu. Akasema, "Hesabu, nyamaza."

Mkono wa pasi haumwumi. Anasema hausikii chochote, hata akijichoma sindano.

Ni mimi, Mtaalamu wa Mateke.

Tarehe 28 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Hapa wazima, ila mwenzangu wa zamu anaumwa jino, nafanya kazi ya wawili.

Ripoti yako nimeisoma mara nyingi. Vijiti vyako ni safi kuliko vya wanafunzi ninaoletewa hapa. Maelezo yako ni ya kijinga, unisamehe.

Mtoto tumboni hulala, ndiyo. Hulala nusu saa, pengine saa nzima, anaamka, anajigeuza, analala tena, bila ratiba. Hakuna anayelala kuanzia saa nne mpaka saa nane siku sita mfululizo, kama taa iliyozimwa. Wala hakuna asiyeshtuka geti likigongwa. Huyo si mpole. Huyo amelewa. Kinachopita kwenye damu ya mama kinapita kwake, na hana mkono wa kukirudisha.

Na Jumapili hana mechi. Jumapili amekosa.

Nimewashika wanawake wa namna hiyo hapa, nayajua matumbo hayo kwa kiganja. Kwa hiyo nakuuliza mambo mawili, unijibu kwa mistari miwili, bila mzaha. Dada yako anatumia nini asubuhi kabla ya saa nne? Na kwa nini Jumapili hakipatikani?

Ni mimi mama yako mdogo.

Tarehe 4 Mei

Mama mdogo,

Shikamoo. Sisi wazima. Mwenzako apone jino.

Asubuhi dada anakunywa chai ya rangi. Jumapili majani hayapatikani, duka limefungwa. Mistari miwili hiyo.

Uliniambia nihesabu, nimehesabu. Hukuniambia nipeleleze. Mwanamke ana mimba, amechoka, amelala, mtoto naye amelala, tayari mmeshafungua mahakama. Kama viganja vyako vinajua matumbo kiasi hicho, vilete. Lori la Mzee Breki lina kiti cha mbele. Miaka mitatu unaulizia mkono wa pasi, mwenye mkono humwulizii.

Wiki hii namba ni zile zile. Saa nne, moja. Nyingine sikuandika.

Simu haikuanguka kwenye ndoo. Nalisema hilo kwa sababu sipendi ndoo isingiziwe. Iliuzwa. Usiniulize kwa nini.

Ni mimi, Karani.

Tarehe 9 Mei

Mwanangu,

Wewe hukunijibu, lakini ndoo imenijibu.

Barua hii uisome mpaka mwisho, kisha uisome tena. Sitauliza nani anamletea. Nadhani najua, na leo si siku yake.

Neno langu ni moja. Usimkatie ghafla. Nakufahamu wewe, utaamka asubuhi moja umekuwa shujaa, umfungie mlango, umwage kila kitu chooni. Usifanye. Mtu mzima akikatiwa unga anatapika, anatetemeka, mifupa inamwuma, baada ya siku kadhaa anainuka. Mtoto aliye tumboni anapata arosto hiyo hiyo, na humo ndani hana wa kumshika. Anarusha miguu, anajigeuza, hapumziki. Utaona vijiti vinaongezeka, utadhani anapata nguvu. Ndiyo anazimaliza. Kisha uchungu unaanza kabla ya siku zake, au tumbo linanyamaza.

Mpeleke hospitali kubwa ya hapo. Ipo kliniki inayotoa dawa ya kunywa kila asubuhi mbele ya muuguzi, inaitwa methadoni. Inashika nafasi ya unga bila kumwangusha mtoto. Akizaliwa atakuwa na arosto yake, lakini atakuwa wodini, kwa watu wanaoijua. Nenda naye wewe mwenyewe. Ukifika dirishani sema ukweli wote.

Na mpaka siku mtakayofika huko, asikose. Naandika hivyo mimi, mkunga, kwa mkono wangu. Asikose.

Ni mimi mama yako mdogo.

Tarehe 14 Mei

Mama mdogo,

Shikamoo ya ushindi.

Barua yako ya tarehe tisa Mzee Breki alinipa tarehe kumi na moja. Sijaifungua. Ipo chini ya godoro langu, najua imejaa nini, ni yale yale ya asubuhi na Jumapili kwa wino mzito zaidi. Nilisema nitaifungua nikiwa na kitu cha kukuonyesha, ili tuwe sawa.

Sasa ninacho. Tangu tarehe kumi na moja hiyo hiyo dada hajagusa kitu. Ndiyo, alikuwa anagusa. Unga. Kete moja asubuhi, siku nyingine mbili. Ulishajua. Nimemkatia mwenyewe. Nimeomba ruhusa bohari, nimeketi mlangoni juu ya kreti, hatoki mtu, haingii mtu. Siku ya kwanza alinitukana matusi ambayo hata wapakiaji wetu hawajayafikia. Siku ya pili alitapika mpaka yakabaki maji. Jana alinishika mguu akasema, "Mdogo wangu, kidogo tu, nusu ya nusu." Nikamwambia mimi ni ukuta. Na kweli nilikuwa ukuta. Niliziangalia kucha zake kwenye mguu wangu kama vile mguu ni wa mtu mwingine.

Lakini Abiria, mama mdogo, ungemwona. Jana saa nne, sitini na nne. Saa nane, themanini na moja. Shuka linacheza lenyewe, naliona nikiwa mlangoni. Ulisema amelewa, basi ameamka, na amekuja na hasira za kulala miezi yote. Ukuta umejaa, nimehamia kwenye mbao za mlango. Hakuna karani aliyewahi kuandika namba hizo.

Leo amepungua. Asubuhi arobaini, saa nne ishirini na mbili, saa nane tisa. Nadhani ni uchovu wa ushindi. Namba za kesho nitakuletea. Barua hii nimempa dereva mwingine anayeondoka leo, zamu ya Mzee Breki ni kesho.

Ni mimi, Daktari Bila Cheti.

Tarehe 16 Mei

Ifungue barua iliyo chini ya godoro. Sasa hivi, umesimama. Simu ya bohari inaita tu, hawapokei. Haya naandika nikiwa nimeshika mlango wa lori, nimemkataza dereva kusimama njiani.

Tarehe 24 Mei

Mama mdogo,

Shikamoo. Dada yu hai. Mtoto yu hai. Nimeanza na hayo kwa sababu salamu usingezisoma.

Karatasi yako ya tarehe kumi na sita ilinikuta hospitali, haikuwa na kazi tena. Ile ya godoro niliifungua tarehe kumi na tano. Asubuhi ile saa moja nilipata vijiti vitatu. Saa nne nikaweka kiganja nikangoja. Dada alikuwa ananitazama, hanitukani tena. Akauliza, "Ngapi?" Nikamwambia bado naanza. Zikapita dakika ishirini, akauliza tena, nikamwambia bado naanza. Kisha nikainua godoro.

Niliisoma nimesimama. Nilipofika pale ulipoandika asikose, nikalirudia neno hilo mara kadhaa, likawa kama jina la mtaa nisioujua. Sikulia. Nilitafuta viatu vya dada, kimoja kilikuwa chini ya cherehani. Mzee Breki alitupakia mbele ya lori na mzigo wake mgongoni, na alipita mikahawa yote.

Dirishani nikasema ukweli, ulivyoagiza. Mama muuguzi akauliza anatumia nini, nikajibu. Tangu lini, nikajibu. Mara ya mwisho lini, nikajibu. Akauliza, "Nani anamletea?" Nikasema mimi.

Ni mimi, mama mdogo. Tangu mwezi wa kumi na mbili, alipoanza kushindwa kwenda mwenyewe. Saa mbili na nusu asubuhi naaga kazini dakika tano, napita kibanda cha fundi viatu, nachukua kete, naiweka kwenye kopo la vifungo, narudi kuhesabu soda. Jumapili fundi viatu hafungui. Saa nne naingia nyumbani, nahesabu mateke niliyoyazima mwenyewe, halafu nakuandikia kwamba mimi ni mtaalamu. Nilikuwa naleta ili asiumwe. Nikakata ili apone. Yote mawili nilifanya kwa mkono huu mmoja na sikuhisi tofauti.

Walisikiliza tumbo kwa chombo chao. Moyo ulikuwepo, wa polepole. Saa saba mchana wakampasua. Ni wa kike, kilo moja na gramu mia nane. Alitoka hana sauti. Wakamshughulikia, nyuma ya kioo, sikuhesabu ni muda gani. Sauti aliipata baadaye na hajanyamaza tangu hapo. Ni kilio chembamba, kama bawaba isiyo na mafuta. Kidevu kinatetemeka, mikono inatetemeka. Wanampa matone ya dawa. Dada anakunywa dawa yake kila asubuhi, kisha anafungua mdomo wamwone kwamba amemeza.

Lile jina la Abiria silitumii tena.

Na wewe mbona hukuja?

Ni mimi.

Tarehe 28 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nimesoma. Sina ugomvi na wewe. Ningekuwa nao ningeuandika, unanijua.

Uliniuliza mwezi wa tatu, ukaniuliza mwanzo wa mwezi huu, nikaruka. Dada yako alipoungua kwa pasi, vidonge vya maumivu nilimpa mimi, kutoka kabati la wodi. Vilikuwa vya wiki moja. Kidonda kikafunga, akaomba vingine, nikampa. Miezi mitano nilimpa. Alikuwa anakuja kila Ijumaa, na mimi nilijiambia anakuja kunisalimia. Siku niliyokataa alikaa kizingitini tangu asubuhi mpaka jioni, na mimi ndani, kwenye kiti, mlango nimeukomea. Nilizisikia kucha zake kwenye mbao. Nilipofungua hakuwepo. Alikwenda kutafuta kwingine, akapata.

Ndiyo maana nilijua utafanya nini kabla hujafanya. Na ndiyo maana sikuja.

Endelea kuhesabu. Sasa hesabu anavyotetemeka, dakika kumi, asubuhi, kabla hajapewa matone. Usipambe.

Ni mimi mama yako mdogo.

Tarehe 8 Juni

Mama mdogo,

Shikamoo. Bohari wamenirudisha kwenye kuosha chupa. Karani ni mwingine, ana cheti, anakosea. Ukuta wa chumba nimeufuta kwa kitambaa chenye maji. Nilipomwambia dada kwamba bado mlango, akasema mlango niuache.

Barua yako nilimsomea Alhamisi. Hakuniomba, nilisoma tu, yeye bado yuko wodini, amekaa kitandani na mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, wanavyowafundisha. Nilipomaliza nikaikunja. Kisha akasema, "Ilikuwa miezi sita."

Nikasimama niondoke. Akaniuliza, "Leo umefika ngapi?" Nikamwambia sijaanza, sijui kama mkono wangu unafaa kumgusa. Akafunua shuka.

"Hesabu," akasema, "nyamaza."

Nikaweka kiganja. Mgongo wake wote ni kiganja changu kimoja, vidole vinabaki. Kwa hiyo namba ni hizi. Alhamisi, arobaini na moja. Ijumaa, thelathini na nane. Jumamosi, thelathini na nane. Jumapili thelathini na tatu, Jumapili ilikuwa kama siku nyingine. Leo thelathini na moja. Na leo muuguzi aliangusha sinia nyuma yangu, mtoto akashtuka, mwili mzima. Hicho sikukichorea kijiti, sijui kinaingia safu gani.

Sijui kama namba hizi ni nzuri. Sitasema ni za nini. Lori linapita kwako keshokutwa na kiti cha mbele ni kitupu, nimeshamwambia Mzee Breki asimpe mtu. Njoo uzisome mwenyewe.

Ni mimi, mjomba wake.